Jemadari na Hatua za Upande wa Kushoto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jemadari alifagia nywele za watu. Baba yake alikuwa kinyozi. Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu kilichopasuka pembeni na benchi la wateja. Jioni Baba alifunga akiwa hoi, kwa hiyo nywele za jana zilimngoja binti yake: nyeusi, za mvi, na nyekundu za yule dada wa duka la simu aliyependa kubadilisha rangi.

Jemadari halikuwa jina la kuzaliwa. Alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu ya mchezo wa kompyuta, tena walimpa kwa utani. Yeye akalipokea kama cheo. Ukimwita kwa jina lake halisi aliitika, lakini ukimwita Jemadari aliitika akiwa amenyoosha mgongo.

"Nipe hilo taulo," Baba alisema asubuhi moja, akiwa amesimama kushoto kwake na wembe mkononi.

Jemadari aliendelea kufagia.

"Binti, taulo." Kimya. "Wewe, umetia pamba masikioni?"

Mzee aliyekuwa kitini, uso wote umejaa povu, alicheka. "Mwache tu, fundi. Sikio la kufa halisikii dawa."

Jemadari aliinua macho, akaona nyuso mbili zinamtazama, akajua kuna kitu kimempita. "Nilikuwa nawaza, Baba," alisema. "Kuwaza nako ni kazi."

"Basi waza huku umeshika taulo."

Walicheka wote watatu. Lakini utani wa yule mzee ulimchoma Jemadari, maana ulikuwa umepiga penyewe bila mwenyewe kujua. Sikio lake la kushoto halikusikia chochote. Akiwa mdogo aliugua homa, mashavu yakavimba mpaka akashindwa kutafuna, na alipopona, dunia ya upande ule ilikuwa imenyamaza. Alingoja irudi. Haikurudi.

Hakumwambia mtu. Shuleni alimjua mvulana wa darasa la juu aliyesikia kwa shida, na watoto walimwita Kiziwi mpaka jina lake la kweli likasahaulika. Jemadari aliapa kwamba yeye hataitwa hivyo. Darasani alichagua dawati la ukutani upande wa kushoto, ili watu wote wawe kuliani kwake. Njiani alitembea kushoto kwa rafiki zake. Mtu akimsemesha upande mbaya, alijifanya ana mawazo mengi. Baadhi ya walimu walisema ana kiburi. Kiburi alikikubali, kwa sababu mtu hapelekwi hospitali kwa kiburi.

Baada ya masomo, klabu ya kompyuta ilikutana katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati. Mwalimu wa kompyuta alikuwa mtu mpole mwenye hofu moja tu maishani, nayo ni kuharibikiwa mashine. Wakati fulani aliikuta kompyuta moja imebadilishwa lugha, maandishi yote yamegeuka ya nchi ambayo hakuna aliyeijua, akahangaika nayo mpaka akapungua mwili. Tangu hapo alibandika karatasi juu ya kila skrini, kwa herufi kubwa: USIGUSE MIPANGILIO. Wanafunzi walitii. Mchezo wao waliujua nje ndani, lakini ukurasa wa mipangilio hakuna aliyewahi kuufungua.

Mchezo wenyewe uliitwa Visima vya Barafu. Ulikuwa wa nyakati zijazo, watu wakiishi kwenye mwezi wa sayari ya mbali, na majeshi mawili yakigombea visima vya barafu ili yapate maji. Kila mchezaji aliongoza askari watano: mpelelezi, daktari, fundi, mlenga shabaha na mbeba ngao. Ardhi iligawanywa kwa miraba. Unawasogeza askari wako, unawaficha nyuma ya miamba, kisha unaondoa mkono na kumwachia mwenzako zamu. Vidole vyepesi havikumsaidia mtu. Alishinda yule aliyefikiri mbele zaidi, na kwa hilo Jemadari hakuwa na mpinzani shuleni. Ndiyo maana aliteuliwa kuongoza timu kwenye mashindano ya shule za mji. Msaidizi wake alikuwa mvulana aliyeitwa Msemaji, ambaye ilisemekana hata usingizini anahutubia.

Mambo yaliharibika waandaaji walipotangaza kwamba mashindano yatachezwa kwenye Uwanda wa Vumbi. Huko hakuna kuonana. Vumbi jekundu linafunika kila kitu, na adui akisogea unasikia tu hatua zake kwenye hedifoni. Akipita kushoto, zinalia kwenye sikio la kushoto. Akipita kulia, zinalia kwenye sikio la kulia.

Siku ya kwanza ya mazoezi Jemadari alicheza na Msemaji. Alisikia hatua kulia, akapeleka walinzi kulia. Kushoto palikuwa kimya, akapaacha wazi. Msemaji akatokea hukohuko kushoto, akamla daktari, akamla fundi, kisha akakalia kisima.

"Bahati hiyo," alisema Jemadari. "Turudie."

Walirudia, na Msemaji akatokea kushoto tena.

"Jamani, hukusikia?" Msemaji aliuliza kwa sauti ya kutosha chumba kizima. "Nilikuwa natembea kama tembo."

"Nilisikia. Nikapuuza."

"Ukampuuza tembo?"

Wenzao waliangua kicheko. Jemadari alivua hedifoni kwa hasira, akaitupa mezani, kisha akaivaa tena bila kuitazama. Mara akasikia hatua za askari wa Msemaji, nzito na za karibu kabisa, pale ambapo dakika chache zilizopita palikuwa kimya kama kaburi. Alivua tena, akaigeuza mikononi, akaona ameivaa kinyume. Basi akaelewa. Kila alichokosa kilikuwa kinapigiwa kelele kwenye sikio lililokufa.

Hofu ilimshika, lakini hakuwa mtu wa kukaa na hofu bila kuitafutia kazi. Tangu siku hiyo alicheza huku akigeuza hedifoni, mara hivi, mara vile, ili asikilize pande zote mbili kwa sikio moja. Hatua zikilia kulia wakati amesikiliza kushoto, zilimpita. Alishinda mara moja, akashindwa mara mbili, akashinda tena, na kila mchezo ulimwacha na kichwa kinachogonga.

"Wewe unacheza au unaagua?" Msemaji alimuuliza. "Mbona hiyo hedifoni unaigeuza kama unaitafutia mapepo?"

Mwalimu alisikia, akasogea. "Kuna tatizo gani?"

Jemadari alikuwa na nafasi ya kusema kweli, lakini uongo ulimtoka kwanza. "Upande mmoja umekufa, Mwalimu."

"Umekufa?" Uso wa Mwalimu ulibadilika. "Nani aliitumia jana?"

Kila mtu alijua, maana jana Msemaji alikuwa ameimba nayo wimbo mzima.

"Mwalimu, jana ilikuwa nzima," Msemaji alisema. "Naapa."

"Niliwaambia vifaa hivi si vya kuchezea. Chukua mkoba wako. Utarudi kwenye klabu nitakaposema mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Msemaji alikosa neno. Aliokota mkoba wake, akaelekea mlangoni akiwa ameinamisha kichwa. Jemadari alimtazama akienda. Angenyamaza tu, siri yake ingebaki salama, na yule aliyemcheka mbele za watu angekuwa nje. Lakini alimwona anavyovuta miguu kwa kosa ambalo hakulitenda. Kushindwa aliweza kukuvumilia. Ushindi wa namna hii hakuutaka.

"Mwalimu, mwache," alisema, akasimama. "Hedifoni ni nzima. Nimekudanganya. Kibovu ni sikio langu la kushoto, halisikii kitu, na ni siku nyingi sasa."

Msemaji aligeuka pale mlangoni.

"Na anayetaka kuniita Kiziwi," aliongeza, sauti ikimtetemeka kwa hasira zaidi kuliko kwa machozi, "aniite sasa hivi, nimgeuzie sikio zima nimsikie vizuri."

Hakuna aliyemwita. Msemaji aliurudisha mkoba chini taratibu.

Jioni ile Mwalimu alimsindikiza mpaka dukani, na kesho yake Baba alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na homa. Hospitalini daktari wa masikio alikuwa mwanamke mwenye mikono ya baridi na maneno machache. Alimchunguza, akampima kwa mashine, kisha akauliza kama aliwahi kuugua akavimba mashavu. Baba alimpigia simu Mama nyumbani, na Mama alikumbuka mara moja.

"Matubwitubwi," alisema daktari. "Kwa watoto wachache huua mshipa wa kusikia, mara nyingi wa upande mmoja. Sikio hili halitarudi."

"Daktari, kichwa hiki nakinyoa mwenyewe," alisema Baba. "Sikio hili nalikunja kila mara nikilizunguka na mashine. Ningejuaje?" Jemadari hakuwahi kumwona baba yake akikosa pa kuweka mikono, na huzuni ile ilimuuma kuliko habari ya sikio.

"Usingejua, kwa sababu mwenyewe alikuficha," alisema daktari, akamgeukia Jemadari. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Ulikuwa unavukaje barabara?"

"Nakimbia."

"Hapana. Wewe gari la kushoto hulisikii, kwa hiyo unasimama na kutazama pande zote mbili kila mara. Sikio lililobaki usiliingize njiti wala pini. Muziki wa kelele usilipe. Likiuma hata kidogo unakuja siku hiyohiyo. Na walimu wako wote wajue, ili wakikusemesha wasimame upande unaosikia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Maswali?"

"Linanizuia kucheza?"

Daktari alimtazama. "Kucheza nini?"

"Vita vya mwezini."

"Huko sijawahi kuitwa kutibu mtu," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Lakini sioni sababu ya kukuzuia."

Shuleni sababu walikuwa nayo. Jemadari aliporudi, kila mtu alikuwa amegeuka mpole kupita kiasi. Waliokuwa wakimkejeli walimpisha mlangoni. Wengine walimsemesha polepole na kwa kelele, kama wanaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. Alitamani wamtukane, angalau matusi angejua jinsi ya kuyajibu. Kisha Mwalimu akamwita pembeni.

"Nimefikiria," alisema kwa upole uleule. "Msemaji ataongoza timu. Wewe utakaa karibu naye, umshauri. Sitaki uumie bure."

"Mwalimu, nimepoteza sikio. Akili iko palepale."

"Najua, binti. Lakini Uwanda wa Vumbi unataka masikio mawili."

"Nani kasema?" aliuliza Jemadari. "Waliotengeneza mchezo ndio wamesema hivyo, au tunasema sisi?"

Mwalimu aliitazama kompyuta.

"Fungua mipangilio," alisema Jemadari. "Fungua wewe mwenyewe, sisi tutatazama tu. Kama hamna kitu cha kunisaidia, nitakaa pembeni bila neno."

"Na mimi," Msemaji alidakia kutoka nyuma, "kama hamna kitu, nitanyamaza wiki nzima."

Ahadi hiyo haikuwahi kutolewa katika historia ya shule. Mwalimu aliangalia ile karatasi aliyoibandika juu ya skrini, akaipapasa pembe yake, kisha akaketi. Alibofya kwa tahadhari ya mtu anayeshika yai. Ukurasa ulifunguka. Palikuwa na sehemu ya kukuza maandishi kwa wasioona vizuri. Palikuwa na sehemu ya kubadilisha rangi kwa wanaochanganya nyekundu na kijani. Na chini kabisa paliandikwa: Onyesha sauti kwa alama.

"Hapo," alisema Jemadari.

Mwalimu alibofya. Msemaji akakimbilia kompyuta ya pili, akamsogeza askari wake mmoja ndani ya vumbi. Kwenye skrini ya Jemadari, ukingoni upande wa kushoto, unyayo mdogo mweupe ulitokea, ukamulika, ukazimika. Kisha mwingine.

Jemadari alifurahi na kukasirika kwa pamoja, hata hakujua aanze na kipi. Alama zile zilikuwemo siku zote. Watu wasiomjua, huko mbali, walikuwa wamefikiria kwamba atakuwepo mchezaji kama yeye, nao wakamwekea nafasi. Hapa nyumbani ndipo palipofunikwa kwa karatasi.

"Nilitaka kulinda mashine," Mwalimu alisema, akibandua ile karatasi. Gundi ilikuwa imekauka, ikabanduka vipande vipande, naye akakwangua kila kipande kwa kucha. "Kesho leta mbinu zako, Jemadari. Timu ni yako."

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa shule kubwa kuliko zote mjini, yenye kompyuta mpya na viti vinavyolingana. Timu ya Jemadari ilipangiwa kuanza na wenyeji, nao waliongozwa na mvulana mtulivu aliyeitwa Nahodha. Aliyeshindwa alikuwa anarudi nyumbani. Baba alikuwa ameketi safu ya nyuma, bado amevaa koti lake la kazi, maana safari hii duka alilifunga katikati ya kichwa cha mteja na kumwahidi kwamba atakimalizia jioni.

Mwamuzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa. Mwalimu alipomweleza habari za alama, alitikisa kichwa.

"Sheria ya mashindano ni kwamba mashine zote ziwe sawa. Hakuna kubadilisha mipangilio."

"Lakini mwanafunzi huyu ana sikio moja tu," alisema Mwalimu.

"Pole sana. Mleteni msaidizi acheze badala yake. Hakuna atakayewalaumu."

Mwalimu alianza kurudi nyuma. Yeye alikuwa mtu wa kutii matangazo, kama alivyotaka wengine watii yake. Jemadari hakurudi. Alibaki palepale mezani.

"Mwamuzi, naomba kusema," alianza. "Umesema mashine ziwe sawa ili mchezo uwe wa haki. Mimi nataka mchezo wa haki kuliko mtu yeyote hapa. Kwa hiyo chagua. Ama alama ziwashwe kwa wote, au wote tusikilize kwa sikio la kulia tu kama mimi, maana langu la kushoto limekufa. Nipo tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Lakini kiti changu simpi mtu."

Minong'ono ilipita ukumbini. Nahodha, aliyekuwa kimya muda wote, alicheka kidogo. "Kwa sikio moja hata mimi nakushinda."

"Jaribu," alisema Jemadari.

Mwamuzi alitazama saa yake, akatazama watu, akaona jambo hili halitaisha kwa kutikisa kichwa. "Haya. Jaribio fupi, halihesabiwi."

Nahodha aliisukuma hedifoni ikatoka kwenye sikio lake la kushoto, akaketi kucheza na Msemaji. Alipanga askari wake vizuri, kwa utulivu, akasikiliza. Zamu zilipita chache tu. Kisha Msemaji akatokea kushoto, akamla daktari wa Nahodha bila hata kuaga.

"Hapo palikuwa kimya kabisa," alisema Nahodha. Alirudisha hedifoni mahali pake, akakaa akiitazama skrini. Alikuwa kijana wa haki, na aibu ilimpanda usoni waziwazi. "Mwamuzi, mimi naomba alama ziwashwe. Kwa wote. Sitaki watu waseme nilimshinda kwa sababu hasikii."

Mwamuzi alishauriana na wenzake. Walikunja nyuso, wakapindua karatasi, wakanong'onezana. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ileile, lakini maneno yalikuwa mengine. "Mashine zote zitawashiwa alama za sauti. Leo na michezo yote itakayofuata. Kaeni."

Mchezo ulianza. Vumbi lilijaza skrini, na nyayo nyeupe zikaanza kumulika ukingoni. Karibu zote zilikuwa kulia, nzito na nyingi.

"Kulia," Msemaji alimnong'oneza kwenye sikio zima. "Wanakuja kulia, jeshi lote. Wapeleke walinzi."

Jemadari hakusogeza mtu. Alikuwa anafikiria. Muda mfupi uliopita alisimama mbele ya ukumbi mzima akatangaza sikio gani limekufa. Nahodha si mjinga. Jemadari yeyote mwenye akili akijua udhaifu wa mwenzake, atapitia hapohapo.

"Kelele ya kulia ni ya askari wachache wanaozungukazunguka," alisema. "Nahodha anatuita huko. Mwenyewe atakuja kushoto."

"Lakini kushoto hamna alama."

"Bado."

Alimpeleka mlenga shabaha kushoto, nyuma ya mwamba. Mbeba ngao akamweka mbele ya kisima, naye amegeukia kushoto. Kulia alimwacha fundi peke yake, na Msemaji akafumba macho kwa hofu. Zamu ikaenda, ikarudi. Fundi akapigwa, akatoka mchezoni. Watu wa wenyeji walishangilia.

"Tumekwisha," alisema Msemaji.

"Nyamaza, uone."

Ukingoni kushoto unyayo mmoja ulitokea, hafifu kabisa, wa askari anayetambaa. Ulimulika mara moja tu. Jemadari aliungoja wa pili. Ulipotokea, karibu na mwamba, alibofya. Mpelelezi wa Nahodha akatoka, na zamu iliyofuata akatoka mlenga shabaha wake aliyekuwa nyuma. Wale waliobaki kulia walijaribu kurudi mbio, lakini kwenye mchezo wa zamu huwezi kukimbia, unangoja zamu yako kama wenzako. Zamu yao ilipofika, Jemadari alikuwa ameshakikalia kisima.

Ukumbi ulilipuka. Msemaji alipanda juu ya kiti akaanza kuhutubia, na hakuna aliyemsikiliza. Nahodha alivua hedifoni, akaja kumpa Jemadari mkono.

"Zile alama zimekuokoa," alisema, bila chuki.

"Zimeniambia umefika," alijibu Jemadari. "Kwamba utakuja kushoto, nilijua tangu nilipotangaza sikio lipi limekufa."

Nahodha alifikiri kidogo, akacheka, akakubali kwa kichwa. Mwamuzi alikuwa karibu, na ilikuwa dhahiri amesikia, kwa maana alijifanya ana kazi nyingi na karatasi zake.

Nje ya ukumbi Baba alikuwa anamngoja kando ya mlango. Alipomwona alizunguka akaja kuliani kwake, akamshika bega, wakatembea pamoja mpaka penye utulivu. Mwalimu aliwafuata nyuma.

"Mwanangu," alisema Baba, "nilikuwa nimekaa kule nyuma nikitetemeka kuliko wewe. Sasa nisikilize. Ujasiri unao tangu zamani, lakini miaka yote hii uliutumia kujificha. Ulijichosha, ukadanganya, karibu umtie mwenzako matatani, na sikio halikupona hata kidogo. Leo ujasiri huohuo umeutumia kusema ukweli mbele za watu, na ona umekufikisha wapi. Kupungukiwa na kitu mwilini si aibu. Ukikificha, hata anayetaka kukusaidia hajui aanzie wapi. Kwa hiyo kuanzia leo ukihitaji kitu, sema. Kuomba nafasi yako si kuomba huruma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba," alisema Jemadari. "Ila mimi sikuomba."

"Ulifanya nini?"

"Nilidai."

Baba alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Basi endelea kudai," alisema Baba. "Dai kwa ukweli, kama leo, na ukishapewa yako, angalia nani mwingine amefunikwa na karatasi kama ile uliyonisimulia." Kisha akamkumbusha kwamba dukani kuna mteja ana nusu kichwa, wakaongeza mwendo.